Namna ya Kuchagua Vifaa vya Nyongeza vya Simu Janja

Mtu anayenunua simu mpya Kariakoo ni nadra kutoka dukani na simu peke yake. Kabla boksi halijafungwa ameshaongezewa kava, protekta, hedifoni na pengine pawabenki, vyote vikiwa vimechaguliwa na muuzaji na bei yake kujumlishwa upesi kwenye kikokotoo. Mwongozo huu ninauandika kwa ajili ya mnunuzi huyo, kwa sababu nimeona simu nyingi nzuri zikiharibiwa na kifaa cha bei ndogo ambacho mwenye simu hakukiuliza swali hata moja. Ushauri wangu ni kwamba fedha iende kwanza kwenye vifaa vinavyopitisha umeme, yaani chaja, waya na pawabenki, kisha kwenye vile vinavyolinda kioo, na mapambo yasubiri. Tena kila kifaa kipimwe palepale dukani, kwa kuwa maandishi ya boksi huchapwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapia.

Hatua ya kwanza: ijue simu yako kabla ya kutoka nyumbani

Andika mambo manne kwenye karatasi. La kwanza ni jina kamili la modeli, ambalo utalikuta kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu. Usiseme tu kwamba una Samsung au Infinix, kwa sababu Galaxy A15 na Galaxy A16 zinakaribiana majina lakini ya pili ina kioo kikubwa zaidi, na kava la moja haliikai nyingine.

La pili ni tundu la kuchajia, ambalo mafundi wetu huliita sistimu chaji. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zina tundu la USB-C, maarufu madukani kama Taipu C. Simu za iPhone zilitumia tundu la Apple yenyewe liitwalo Lightning kuanzia iPhone 5 ya mwaka 2012 hadi iPhone 14, kisha zikahamia USB-C katika iPhone 15 iliyotoka Septemba 2023. Umoja wa Ulaya umeifanya USB-C kuwa sharti kwa simu mpya zinazouzwa katika nchi zake tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa kuwa viwanda havipendi kutengeneza matundu ya namna mbili, waya mzuri wa USB-C utakaonunua leo utakufaa hata utakapobadilisha simu.

La tatu ni wati za juu kabisa ambazo simu inaweza kupokea, na la nne ni kama simu ina nafasi ya memori kadi na tundu la hedifoni la milimita 3.5. Simu nyingi za bei ya juu hazina vyote viwili, na wapo watu waliogundua hilo baada ya kulipia kadi.

Hatua ya pili: chagua chaja na waya kama unavyochagua dawa

Apple iliacha kuweka kichwa cha chaja ndani ya boksi mwaka 2020 ilipotoa iPhone 12, na Samsung ikafanya hivyo mwaka 2021 kwa Galaxy S21. Ndiyo maana mara nyingi anayenunua simu ya gharama kubwa ndiye anayelazimika kutafuta chaja ya pembeni. Ikiwa simu yako ilikuja na chaja yake, kama ambavyo Tecno na Infinix nyingi huja, itunze chaja hiyo, na ukitaka ya kubaki ofisini nunua ya pili yenye sifa zilezile.

Dukani, geuza kichwa cha chaja usome maandishi madogo, hasa mstari unaoanza na neno "Output". Hapo pameandikwa volti na ampea, nawe unazidisha: volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10, na volti 9 kwa ampea 3 ni wati 27. Ukikuta kichwa kimeandikwa "65W" kwa herufi kubwa upande wa mbele, ilhali mstari huo mdogo unaonyesha volti 5 na ampea 2 tu, kirudishe mezani, kwa sababu kwa maandishi yake kichwa hicho ni cha wati 10.

Wati peke yake hazitoshi. Kabla umeme mwingi haujaanza kupita, simu na chaja huulizana na kukubaliana kiasi, na ili zielewane lazima zitumie utaratibu mmoja. Utaratibu unaotumiwa na kampuni nyingi ni USB Power Delivery, ambao kwenye chaja huandikwa PD. Simu za Galaxy zinazochaji kwa wati 25 zinahitaji PD iliyoongezewa PPS, yaani nyongeza inayoiwezesha chaja kurekebisha volti kidogo kidogo, na chaja isiyo na PPS huzichaji kwa kasi ndogo zaidi. Oppo, Realme, OnePlus na Xiaomi wana taratibu zao wenyewe, kiasi kwamba simu ya Oppo ikichomekwa kwenye kichwa cha kampuni nyingine, hata kiwe cha wati 100, mara nyingi huchaji kwa kasi ya chini sana kuliko ile iliyotangazwa. Kwa simu za namna hiyo nunua chaja na waya wa kampuni yenyewe, au ukubali kusubiri.

Watu wengi huogopa kwamba chaja yenye wati nyingi itaunguza simu yenye uwezo mdogo. Hofu hiyo haina msingi kwa chaja iliyotengenezwa vizuri, kwa sababu simu ndiyo inayoomba kiasi na chaja hutoa kilichoombwa. Cha kuogopa ni kichwa kisicho na ulinzi ndani. Umeme wetu wa volti 230 hukatika na kurudi kwa kishindo, na kinachosimama kati ya kishindo hicho na simu yako ni vipuri vichache vilivyomo ndani ya kichwa kile kidogo. Mtengenezaji wa chaja feki hubana gharama palepale pasipoonekana, ndiyo sababu ukikipima mkononi kichwa feki na kichwa halisi cha wati zilezile, mara nyingi feki huwa chepesi kama ganda tupu. Tafuta pia nembo ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, ukikumbuka kwamba nembo nayo huigwa na hivyo haikuondolei wajibu wa kupima. Chaja inayokupiga umeme ukigusa pembeni ya simu ichomoe na usiirudishe tena ukutani.

Chukua kichwa chenye pini tatu bapa, zinazoingia moja kwa moja kwenye soketi za Tanzania, Kenya na Uganda. Kichwa cha pini mbili za duara kinachopachikwa kwenye adapta hulegea baada ya muda, na kikilegea hutoa cheche na kupata moto.

Sasa waya, ambao watu huudharau kuliko kitu kingine chochote. Nyaya za kawaida za USB-C kwa USB-C hubeba hadi ampea 3. Unaobeba ampea 5 una chipu ndogo ndani ya kichwa chake inayoijulisha chaja kwamba waya unaweza kubeba mzigo huo, na bila waya wa namna hiyo baadhi ya Galaxy zinazopokea wati 45 hazitafikia kasi yao. Urefu wa mita moja unatosha kwa matumizi mengi. Waya mwembamba wa mita tatu hupoteza umeme njiani. Kagua shingo, pale waya unapoingia kwenye kichwa, kwa sababu ndipo nyaya nyingi zinapofia: pawe na mpira unaopinda taratibu bila kukunjika ghafla. Kisha chomeka waya kwenye simu yako na uutikise kidogo. Unaocheza huku na kule utakula tundu la simu siku hadi siku, na kubadilisha sistimu chaji ni gharama kubwa kuliko nyaya kadhaa nzuri. Ila kama kila waya unacheza, huenda tundu limejaa vumbi la mfukoni. Zima simu, kisha lisafishe polepole kwa kijiti cha meno cha mbao.

Kipimo cha mwisho ni kuchomeka kila kitu pamoja kwenye umeme wa dukani. Nenda betri yako ikiwa chini ya asilimia 50, kwa sababu simu inayokaribia kujaa hupunguza kasi yenyewe na hutaweza kuhukumu chochote. Zima kioo, subiri nusu dakika, kisha uwashe usome kama imeandika kwamba inachaji haraka. Muuzaji anayekunyima dakika hiyo moja amekujibu.

Hatua ya tatu: pima pawabenki kwa hesabu na kwa mizani

Hakuna kifaa kinachoandikwa uongo mwingi kama pawabenki. Anza na hesabu: zidisha mAh (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) kwa volti 3.7, kisha gawanya kwa 1,000, nawe utapata wati-saa, yaani nishati iliyomo. Pawabenki ya 10,000 mAh ina wati-saa 37. Simu yenye betri ya 5,000 mAh inabeba wati-saa 19 hivi. Kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea kama joto wakati wa kuhamishwa, pawabenki hiyo ya kweli itaijaza simu hiyo mara moja na nusu au zaidi kidogo, wala haitaijaza mara mbili kamili. Anayekuambia itaijaza mara tatu hajui au hasemi kweli. Watengenezaji waadilifu huandika pembeni, kwa herufi ndogo, kiasi ambacho kitafika kwenye simu, na kwa pawabenki ya 10,000 utakuta kinazunguka 6,000 kwa volti 5. Namba hiyo ndogo isikukatishe tamaa, kwa sababu aliyeiandika amekupa hesabu halisi.

Baada ya hesabu, mizani. Seli moja ya duara ya lithiamu, ya umbo linalotumika sana, ina uzito wa gramu 45 hadi 50 na haizidi sana 3,500 mAh hata ikiwa ya ubora wa juu. Ili kufikia 50,000 mAh zinahitajika seli zisizopungua 15, yaani karibu gramu 700 za seli tupu kabla ya ganda. Sasa ichukue ile pawabenki iliyoandikwa 50,000 inayokaa kiganjani kama kipande cha sabuni na kuuzwa kwa bei ya mlo wa watu wawili. Omba mizani kwenye duka la jirani linalouza sukari, uipime, kisha ufanye hesabu mwenyewe. Pawabenki halisi ya 10,000 mara nyingi huwa na gramu 180 hadi 250.

Niongeze tahadhari niliyoipata kwa kupoteza fedha. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa stendi ya mabasi, nilinunua pawabenki iliyoandikwa 30,000, na kwa kuwa ilikuwa nzito niliamini. Iliposhindwa kuijaza simu hata mara moja nikaipeleka kwa fundi, naye alipoifungua tukakuta seli mbili tu, na pembeni yake kifuko cha plastiki chenye mchanga kilichogundishwa kwa gundi ya moto. Kwa hiyo uzito mdogo unatosha kukufanya uikatae, lakini uzito mkubwa hautoshi kukufanya uikubali. Patana na muuzaji upewe siku saba za kuirudisha, iandikwe kwenye risiti, kisha katika siku hizo ijaze kabisa na uhesabu inaipandisha simu yako asilimia ngapi hadi iishe.

Kwa matumizi ya mjini 10,000 inatosha. Anayekaa siku mbili shambani au kwenye eneo lenye mgao wa umeme achukue 20,000, ambayo ni wati-saa 74. Wasafiri wa ndege, wakiwemo ndugu zetu wanaokwenda na kurudi Muscat na Dubai, wajue kwamba mashirika ya ndege huruhusu kwa kawaida pawabenki isiyozidi wati-saa 100, nayo ibebwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Na isiyoandikwa uwezo wake inaweza kuzuiwa kwenye ukaguzi.

Hatua ya nne: kioo kwanza, kisha kava

Protekta za kioo huuzwa kwa sifa ya "9H", na wengi hudhani kwamba ni kipimo cha ugumu wa madini. Ni kipimo cha penseli: kioo hakichubuliwi na penseli ngumu ya daraja la 9H. Mchanga wa pwani una madini ya kwatzi, ambayo ni magumu kuliko kioo, hivyo protekta ya 9H itachubuka kama nyingine ukiiweka simu mfuko mmoja na mchanga wa Coco Beach. Hakuna ubaya katika hilo, kwa kuwa kazi ya protekta ni kuchubuka na kupasuka badala ya kioo cha simu. Ninachokushauri ni kutolipa mara tano zaidi kwa sababu ya herufi hizo.

Tofauti yenye maana iko kwenye utando wa juu unaozuia mafuta ya vidole. Mwombe muuzaji adondoshee tone la maji: likisimama mviringo kama shanga na kuteleza, utando upo; likitandaa, kioo kitajaa alama za vidole tangu siku ya kwanza. Kwa simu inayosoma alama ya kidole chini ya kioo, sajili upya vidole vyako baada ya kubandikiwa, tena ukiwa ungali dukani, kwa sababu protekta nene huweza kuifanya simu isikutambue. Kioo kilichopinda kingo kinahitaji aina inayogandishwa kwa gundi ya maji na taa ya zambarau, nayo ibandikwe na mtu mzoefu, kwani gundi ikizidi huingia kwenye tundu la spika. Protekta za siri, zile zinazomzuia jirani kwenye daladala asisome ujumbe wako, hupunguza mwanga. Anayefanya kazi juani atazijutia.

Mahali pa kubandikia pana umuhimu wake. Vijana wa pembezoni mwa barabara wana mikono mizuri sana, lakini vumbi la magari halina huruma. Tafuta meza iliyo ndani, na uhakikishe anainua vumbi kwa kipande cha utepe wa gundi baada ya kufuta.

Kava liangalie kwenye kingo. Iweke simu ikiwa ndani ya kava kifudifudi juu ya meza: ukingo wa kava unapaswa kuigusa meza na kukiacha kioo kikielea kidogo, na upande wa nyuma uzizidi kamera kwa kimo. Pembe nne ziwe nene kuliko sehemu nyingine, maana simu huangukia pembe. Plastiki laini inayoonyesha nyuma ni nzuri na ya bei nafuu, ila hugeuka njano kwa jua na joto, jambo lisilozuilika. Mengine ni hiari yako.

Hatua ya tano: jaza memori kadi kabla ya kuiamini

Memori kadi feki huonyesha GB 512 kwenye simu ilhali ndani mna GB 8 tu. Mwanzoni kila kitu huwa sawa, kisha nafasi halisi ikijaa, picha mpya huandikwa juu ya za zamani au kupotea kimyakimya. Picha za harusi na za mazishi zimepotea kwa njia hii, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza kadi yote na kuisoma tena. Itumie kabla ya kuweka chochote cha maana. Kwa kuhifadhi programu za simu tafuta alama A1 au A2, na kwa kurekodi video za ubora wa 4K tafuta V30.

Hatua ya sita: hedifoni

Kama simu yako ina tundu la milimita 3.5, hedifoni za waya za bei ya wastani hutoa sauti nzuri kuliko zisizo na waya za bei hiyo hiyo, wala hazihitaji kuchajiwa. Zisizo na waya zijaribu kwa kupiga simu ukiwa nje ya duka, umwulize unayeongea naye kama anakusikia katikati ya honi, kwa sababu maikrofoni ndiyo udhaifu wake mkubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, hivyo zile zinazoziba sikio vizuri ni bora, kwa kuwa hazikulazimishi kupandisha sauti ili kuishinda kelele ya barabarani.

Hatua ya saba: vifaa vya kazi maalumu

Dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu anahitaji kishikio cha simu kwenye usukani, na hapa kuna jambo ambalo halielezwi madukani. Kamera nyingi za sasa zina lenzi inayoelea ili kutuliza mtikisiko, na mwaka 2021 Apple ilitahadharisha kwamba mtetemo mkali wa injini ya pikipiki unaweza kuudhoofisha utaratibu huo. Nunua kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo, au utumie simu ya zamani kwa kazi hiyo na ile yenye kamera nzuri ibaki mfukoni.

Kwa wanaovuka kwa boti au kwenda kuvua, mfuko wa kuzuia maji ujaribiwe kwanza bila simu: weka karatasi laini ndani, ufunge, uuzamishe kwenye ndoo kwa nusu saa ukiwa umeugandamiza kwa jiwe. Karatasi ikitoka kavu, mfuko unafaa. Simu ikiloa tundu la kuchajia, usiichomeke hadi likauke kabisa, kwa sababu umeme na maji ya chumvi huzila pini ndani ya muda mfupi.

Wiki ya kwanza baada ya manunuzi

Hifadhi risiti na maboksi. Kwa siku saba za mwanzo chaji simu na pawabenki mpya mchana ukiwa macho, juu ya sakafu au meza, mbali na kitanda na mito. Gusa kichwa cha chaja baada ya nusu saa: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, kichomoe na ukirudishe dukani siku hiyohiyo. Pawabenki iliyovimba, hata kama bado inachaji, usiiminye wala kuitoboa. Acha kuitumia, itoe nje, iweke juu ya saruji au mchanga mbali na watoto, kisha uipeleke kwa fundi au mahali wanapopokea betri chakavu.